Nilifundisha Nusu ya Mkataba

Kuna mwanafunzi niliyemwonea, na nilimwonea kwa kutumia jengo ambalo nilikuwa sijalitia machoni. Mimi nilikuwa mhadhiri wa usanifu majengo, yeye alikuwa mwaka wa nne, na siku hiyo alikuwa amebandika michoro yake ukutani ili aitetee mbele ya wenzake na majaji waalikwa. Nilimwambia anaiga. Sikuishia hapo: niliwasha projekta, nikatafuta picha ya jengo moja la London, nikaiweka pembeni mwa kazi yake, darasa likacheka. Maksi nilizompa zilimtosha kupita. Kwa jambo lingine lolote hazikumtosha.

Zoezi la muhula ule lilikuwa hili: nyumba ya kale ya mawe, Mji Mkongwe wa Unguja, igeuzwe jumba la sanaa, na ubavuni mwake, kwenye kiwanja kilichobaki baada ya nyumba jirani kuporomoka, lijengwe jengo la nyongeza. Anayezijua nyumba zile anajua zinavyokufa. Paa linavuja, maji yanashuka ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa, fundi anaitwa anaziba kwa saruji, saruji inaufungia unyevu ndani, na boriti zilizoshikwa na ukuta huo zinaoza vichwani kimyakimya. Halafu linakuja jua baada ya mvua kubwa, na watu wanasikia kishindo.

Mimi nilikuwa na jibu langu la zoezi hili hata kabla wanafunzi hawajachukua penseli. Jengo jipya lionekane jipya. Kioo, chuma, zege lisilopakwa kitu. Mpita njia ajue papo hapo kwamba hii ni karne ya kumi na tisa na hii ni leo. Ushahidi wangu ulikuwa Mkataba wa Venezia wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo ya kale duniani kote huuchukulia kama msingi wa kazi yao. Kifungu cha 9 kinasema kwamba kazi ya ziada isiyoepukika lazima itofautiane na usanifu wa awali na ibebe alama ya zama zake. Nilikisoma kifungu hicho darasani kila mwaka kwa sauti ya khatibu.

Sasa, kifungu cha 9 kinahusu ukarabati. Kinachohusu nyongeza ni cha 13, nacho kinasema kwa ufupi kwamba nyongeza haziruhusiwi isipokuwa pale zisipoharibu sehemu za maana za jengo, mazingira yake ya asili, mizani ya umbo lake na uhusiano wake na yanayolizunguka. Mkataba mzima una vifungu 16. Unaumaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa na nakala yake mezani na sikuwahi kuwasomea wanafunzi kifungu cha 13, na nikisema sikukijua nitakuwa ninaongeza uongo juu ya kosa. Nilikijua. Kilikuwa hakinisaidii.

Jengo la London nililomchekeshea darasa ni Sainsbury Wing, nyongeza ya National Gallery pale Trafalgar Square. Historia yake ilinifaa sana kwa mahubiri. Jengo la awali ni la William Wilkins, lililofunguliwa 1838. Ubavuni mwake kulikuwa na duka la samani lililopigwa bomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kiwanja kikakaa kitupu kwa miongo kadhaa. Mwaka 1982 likafanyika shindano. Serikali haikutaka kutoa fedha, kwa hiyo sharti likawa kwamba mwekezaji apate ofisi za kupangisha chini na picha zikae juu. Kampuni ya Ahrends, Burton na Koralek ikachaguliwa, ikaja na jengo la kisasa. Tarehe 30 Mei 1984, mwanamfalme Charles, mfalme wa leo, akasimama mbele ya wasanifu wenyewe, kwenye sherehe ya miaka 150 ya chama chao, akalifananisha jengo hilo na jipu la kutisha kwenye uso wa rafiki mpendwa. Mradi ukafa. Mwaka uliofuata ndugu watatu wa familia ya Sainsbury, wenye maduka ya vyakula, wakajitolea kulipia jengo jipya lisilo na ofisi, na kazi ikaenda kwa Robert Venturi na Denise Scott Brown wa Philadelphia. Malkia akalifungua Julai 1991.

Mimi niliisimulia hadithi hii kama kisa cha woga. Mwanamfalme kafoka, wasanifu wakanywea, matokeo yake ni jengo lenye nguzo bapa za Kigiriki zilizonakiliwa kwa jirani. Kwenye picha yangu ndivyo lilivyoonekana. Sikuwaambia wanafunzi kwamba jengo la Wilkins lenyewe lilipofunguliwa lilidhihakiwa kwa kuba lake dogo na vinara vyake, wala kwamba lilikuwa na kina cha chumba kimoja tu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kambi ya askari na nyumba ya maskini. Yule rafiki mpendwa hakupendwa tangu alipozaliwa. Lakini hilo nalo lingeniharibia mahubiri.

Mwaka 2022 nilikuwa London kwa mambo ya kifamilia, nikaenda Trafalgar Square kupiga picha yangu mwenyewe ya ule uso wa jengo, ili nisiendelee kutumia ya kuazima. Ndivyo nilivyojiamini.

Nilisimama uwanjani nikaanza kuhesabu nguzo bapa, kama ninavyowaagiza wanafunzi wafanye, na hesabu ikakataa. Kwenye kona iliyo karibu na jengo la Wilkins zimesongamana, moja imelalia nyingine, kama watu wanaogombea mlango wa daladala. Kisha zinaachana. Ukisogea mbali zaidi zinakwisha kabisa, ukuta unabaki mawe matupu ya Portland, yaleyale ya jengo la kale. Hakuna msanifu wa 1838 ambaye angezipanga hivyo; angefukuzwa kazi. Jengo linaanza kwa lugha ya jirani, halafu hatua kwa hatua linaiacha. Ukizunguka nyuma unakuta matofali ya kawaida, hayajifanyi kitu.

Halafu nikaingia kwenye njia ya watembea kwa miguu inayotenganisha majengo mawili, na hapo nikapata aibu ya kwanza. Upande ule, ukuta mzima ni kioo. Kioo cheusi, kipana, kwa chuma, kutoka chini hadi juu. Kile nilichodai wasanifu wale waliogopa kukitumia kilikuwa hapo tangu 1991. Ni kwamba tu hakionekani kwenye picha ya mbele, na mimi picha ya mbele ndiyo niliyokuwa nayo.

Ndani, ukumbi wa chini haukunifurahisha, na bado naona walikosea. Dari lilikuwa chini, mwanga hafifu, nguzo nene kila upande. Inasemekana walikusudia mtu ajione yuko chini ya kanisa, ili akipanda aone tofauti. Nia naielewa, lakini nilijikuta nainamisha kichwa bila sababu. Kulia kuna ngazi pana inayopanda sambamba na kile kioo, na unapopanda unautazama ukuta wa nje wa jengo la Wilkins hapo jirani, kana kwamba umeingizwa ndani ya mjadala wao.

Juu ndiko kwenye picha. Zile ni picha za mwanzo za Ulaya, nyingi zilichorwa juu ya mbao kwa ajili ya madhabahu za makanisa, na vyumba vimejengwa kwa kulijua hilo. Mwanga unaingia kutoka juu, kupitia madirisha yaliyoinuliwa karibu na dari, kwa namna ya John Soane katika jumba la picha la Dulwich. Jua haligusi picha hata moja. Milango imezungushiwa jiwe la kijivu kama la Firenze. Vyumba havilingani, kuna vidogo vya picha ndogo na vikubwa vya picha kubwa. Sakafu iko usawa mmoja na sakafu ya picha ya jengo la kale, kwa hiyo unavuka kutoka karne moja ya ujenzi hadi nyingine juu ya daraja fupi na miguu haikuambii kitu.

Nilichokitazama kwa muda mrefu zaidi ni mstari wa matao. Milango kadhaa imepangwa mstari mmoja, na kila tao linalofuata ni dogo kuliko lililotangulia, kiasi kwamba njia inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Ni ujanja wa wachoraji wa zama zilezile, wa kuonyesha umbali kwenye ubao bapa, umehamishiwa kwenye ukuta. Mwishoni walikuwa wametundika picha ya madhabahu ya Cima da Conegliano yenye Tomaso akimtia Yesu kidole ubavuni, na ndani ya picha hiyo kuna chumba chenye sakafu ya vigae vinavyokimbilia mbali, kwa hiyo jicho likishamaliza vyumba halisi linaingia kwenye chumba kilichochorwa bila kusimama. (Ndiyo, nimeona kwamba ni Tomaso, asiyeamini mpaka aguse. Nilikuwa peke yangu na nilijisikia nimesemwa.)

Hapo nilikumbuka chumba chembamba alichokichora yule msichana niliyemwonea.

Nyumba za mawe za mwambao zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu ya boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko iliyokatwa delta ya Rufiji au Lamu, na mkoko ulionyooka vya kutosha kwa kazi hiyo haukupi zaidi ya mita tatu hivi. Urefu wa mti ndio ulioamua upana wa sebule ya tajiri na ya maskini. Yule mwanafunzi alianzia hapo. Chumba cha kwanza cha nyongeza yake, kile kinachogusana na nyumba ya kale, alikipa upana uleule wa boriti. Cha pili akakipanua kidogo. Cha mwisho, mbali kabisa na nyumba ya kale, kilikuwa ukumbi wa kutosha turubai kubwa za wachoraji wa leo. Na madirisha ya nje yalifuata mwendo huohuo: karibu na nyumba ya kale yamebanana, kisha yanaachiana.

Nilimuuliza siku ile, "Kwa nini chumba chako kipya ni chembamba, na sisi leo tuna chuma?"

"Ili mgeni asishtuke, mwalimu," alisema. "Upana ataupata akifika mbele."

Hakuwa amewahi kusikia habari za Sainsbury Wing mpaka nilipompiga nayo kichwani. Alilifikia wazo lile kwa kupima boriti. Kama ningekuwa nimelijua jengo nililolitumia, ningemwambia mbele ya wale majaji kwamba amefika, kwa njia yake, mahali walipofika wasanifu wakubwa wa karne iliyopita. Badala yake nililitumia jengo lilelile kumzomea.

Kuna la pili, dogo kwa urefu lakini linaniuma. Darasani nilisema "jengo la Venturi". Sikumtaja mwenzake kamwe. Denise Scott Brown alizaliwa 1931 Nkana, kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akakulia Johannesburg, akasoma huko kabla ya kwenda London na Marekani. Msanifu mwanamke mzaliwa wa Afrika, jina lake liko kwenye jengo linaloitazama sanamu ya Nelson, na mimi nilikuwa na darasa lililojaa wasichana wa Kiafrika nikawafundisha kwamba lilijengwa na mume wake. Mwaka uleule wa 1991 tuzo ya Pritzker alipewa Venturi peke yake. Wanafunzi wa kike wa Harvard walipoanzisha ombi 2013 kutaka Scott Brown naye atambuliwe, kamati ilikataa. Mimi nililaani uamuzi ule kwenye mazungumzo ya kahawa, kisha nikarudi darasani nikaendelea na "jengo la Venturi".

Maksi za juu za muhula ule zilikwenda kwa kijana mwingine. Yeye alichora sanduku la kioo. Lilikuwa zuri sana, kwenye karatasi. Ukuta wote wa magharibi ulikuwa kioo ili wageni waone bahari na machweo, na kwenye ukuta uliokabiliana nao alitundika picha za rangi za maji. Wanaotunza picha za aina hiyo huzipa mwanga wa luksi 50 tu, na picha za mafuta kama 200. Zaidi ya hapo rangi zinafifia na karatasi inageuka njano, na hazirudi. Jua kali la nje linafika luksi 100,000. Ongeza chumvi ya bahari kwenye vyuma, ongeza joto la saa tisa alasiri nyuma ya kioo, ongeza mitambo ya kupoza hewa ambayo hakuichora popote na jenereta ya siku umeme ukikatika. Hakuna aliyemuuliza. Mimi niliyepaswa kumuuliza nilikuwa nikiwaeleza majaji jinsi sanduku lile "linavyokiri zama zake". Kijana hana lawama. Alinisikiliza muhula mzima akachora nilichotaka.

Hata Louvre niliifundisha kichwa chini. Piramidi ya I. M. Pei ya 1989 ilikuwa mfano wangu wa ushujaa: kioo katikati ya ua wa wafalme, tazameni. Nilichokiruka ni kwamba kazi kubwa ya Pei iko chini ya ardhi. Jumba lile lilikuwa limetawanyika, mbawa zake hazina mlango wa pamoja, na upande wa kaskazini ulikuwa umekaliwa na Wizara ya Fedha. Wizara ikahamishwa, ua ukachimbwa, ukajengwa ukumbi mmoja ambao kutoka hapo mgeni anaenda upande autakao. Piramidi ni mlango na dirisha la ukumbi huo. Kama ningewaeleza hivyo wangejifunza kuuliza mtu anaingilia wapi. Niliwafundisha kuuliza linaonekanaje.

Nisije nikaonekana nimeokoka na sasa nalihubiri lile jengo. Wing ilipewa daraja la kwanza la hifadhi 2018, na haikupita miaka mitano ikafungwa ili ukumbi wa chini ufunguliwe kwa mwanga, kazi iliyosimamiwa na Annabelle Selldorf. Scott Brown, akiwa na zaidi ya miaka tisini, alipinga waziwazi. Mafundi walipokuwa wakibomoa, ndani ya nguzo mojawapo wakakuta barua ya 1990 ya John Sainsbury, mmoja wa wale ndugu waliolipia. Aliificha humo wakati wa ujenzi. Alisema kwamba nguzo zile zisizobeba kitu ni kosa la msanifu, kwamba watakuja kujutia kuzikubali, na kwamba anafurahi kuwa kizazi kitakachoisoma barua kimeamua kuziondoa. Alikuwa ameshafariki, 2022. Ukumbi mpya ulifunguliwa Mei 2025, na picha nilizoziona zinaonyesha mahali palipofunguka. Kwa hiyo tajiri aliyelipa alikuwa na haki kuhusu nguzo, na Scott Brown naye ana haki ya kukasirika, kwa sababu ngazi ile ilipangwa ianzie gizani.

Nilivutiwa na barua ile kuliko nilivyopaswa. Mtu alikuwa na fedha na alikuwa na haki, nguzo zikajengwa vilevile, neno lake akalitumbukiza ndani ya nguzo. Mimi nilikuwa na maksi, sikuwa na haki, langu nikalisema kwa projekta.

Nilimtafuta yule mwanafunzi. Maksi za mwaka ule haziwezi kubadilishwa. Niliuliza ofisi inayohusika, nikaelezwa kwa upole kwamba hakuna utaratibu wa mwalimu kujikatia rufaa. Nikamwandikia kwenye simu, ujumbe mrefu, nikaeleza habari ya London, kioo, matao, boriti, kifungu cha 13. Alijibu kesho yake.

"Shikamoo mwalimu. Nimefurahi umefika." Alisema anafanya kazi kwenye kampuni inayochora vituo vya mafuta na maghala, na hajambo. Maksi, alisema, zilimuuma muhula mmoja. Kilichomkaa ni karatasi ya tatu. Ukuta haukutosha siku ile, akaniwekea mezani ikiwa imekunjwa, akanyoosha kidole mara kadhaa, nami sikuifungua.

Sikumbuki karatasi yoyote. Nilimuuliza ilikuwa na nini. Ulikuwa mkato wa jengo, kwa kipimo cha 1:20, unaoonyesha pale ukuta mpya unapokutana na wa kale. Alikuwa ameacha nafasi kati yao, upana wa mtu kupita na ngazi, yenye mfereji wa kuyatoa maji ya mapaa yote mawili hadi barabarani, ili nyumba ya mawe ipumue na fundi aweze kuingia kuitazama kila masika. Nyongeza yake haikuigusa nyumba ya kale isipokuwa kwenye mlango mmoja. Hicho ndicho kifungu cha 13, kimechorwa na mtu ambaye hajawahi kusomewa.

Niliomba radhi tena, kwa hilo sasa. Akasema yamepita. Kisha akauliza kama na yule mwenzake wa sanduku la kioo nimemwandikia.

Nilikuwa sijamwandikia. Na yeye ndiye mwenye ofisi yake mwenyewe, ndiye anayepata kazi za mahoteli ya ufukweni, na kuta zake zote za magharibi ni kioo.